Saba ya kidole si saba ya miezi mitatu

Mgonjwa anayeshuka kutoka Machame kwenda kliniki ya sukari mjini Moshi anaweza kurudi na namba mbili. Ya kwanza ni ya kutobolewa kidole, ambayo wote tumeizoea. Ya pili inatoka maabara na imeandikwa HbA1c, na watu wa kliniki wameipa jina la kipimo cha miezi mitatu. Namba hii ya pili ndiyo inayozua maneno ndani ya Hiace, kilabuni kwa mbege na nje ya kanisa baada ya ibada. Kila mtu ana tafsiri yake, na tafsiri nyingine ni za hatari.

Kwanza tuelewane kinachopimwa. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Sukari iliyomo kwenye damu hujibandika kwenye protini hiyo polepole, bila msaada wa kimeng'enya chochote, na ikishashika vizuri haiachii mpaka chembe yenyewe ife. Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120. Maabara huangalia ni asilimia ngapi ya hemoglobini imebandikwa sukari. Kwa vigezo vinavyotumika sana, chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, na kuanzia 6.5 ni kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani kilikubali kipimo hiki kitumike kutambua ugonjwa mwaka 2010, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 2011.

Niseme mapema ninakoegemea. Kipimo hiki ni kizuri, tena kizuri sana, ila kinapima vitu viwili kwa mpigo: sukari, na umri wa chembe iliyoibeba. Wengi wetu husoma cha kwanza tu, na mengi yafuatayo yanatokana na kusahau cha pili.

"Ya kidole ni 7, ya miezi mitatu nayo ni 7. Zinalingana, niko sawa."

Si kweli, na mkanganyiko huu tunao sisi zaidi kuliko Wamarekani. Mashine za kidole tunazotumia Tanzania husoma milimoli za sukari katika lita moja ya damu, kwa hiyo tunapata namba ndogo ndogo: 5, 7, 12. Mmarekani hupima kwa miligramu, na 7 yetu kwake ni 126. Hawezi kuichanganya 126 na asilimia 7. Kwetu namba zote mbili zinafanana sura, na mtu huziweka pamoja kama pacha.

Mwaka 2008 watafiti walitoa kanuni ya kugeuza moja kuwa nyingine. Chukua HbA1c, zidisha kwa 1.59, kisha toa 2.59; utapata takriban wastani wa sukari kwa milimoli. Asilimia 6 ni wastani wa 7.0. Asilimia 7 ni 8.6. Asilimia 8 ni 10.2, asilimia 9 ni 11.8, na asilimia 10 ni 13.4. Kila hatua moja ya HbA1c ni zaidi ya hatua moja na nusu ya kidole, na kadiri unavyopanda ndivyo namba hizo mbili zinavyozidi kuachana.

Tuchukue mama anayepima nyumbani kila asubuhi kabla ya chai na kupata 7, au 7.2 siku mbaya. Anaenda kliniki, HbA1c inatoka 9. Hitimisho la haraka ni kwamba mashine mojawapo ni mbovu. Huenda ni kweli, mashine huharibika na vipande vya kupimia huisha muda. Lakini mara nyingi zote mbili zinasema ukweli. Asilimia 9 ina maana kwamba kwa usiku na mchana wastani wake ni karibu 12. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Saa nane mchana, baada ya sahani ya ndizi, hajawahi kupima hata mara moja. Dawa ya hapo ni kutoboa kidole saa mbili baada ya chakula, kwa siku chache, na kuandika. Kuibeza maabara hakutamsaidia.

Na kama una mtoto Uingereza akakuambia HbA1c yake ni 53, usipige magoti kumwombea. Kule wameacha asilimia na kutumia kipimo kingine, ambacho 53 yake ni 7 yetu ile ile, na 48 ni 6.5.

"Nikijinyima wiki moja kabla ya kliniki, namba itashuka."

Ya kidole, ndiyo. Hata siku mbili zinatosha kuipamba, na wahudumu wa kliniki wanaujua mchezo huo tangu zamani. HbA1c haipambiki hivyo. Takriban nusu ya namba hiyo inatokana na mwezi wa mwisho kabla ya kupima, robo na mwezi uliotangulia, na robo iliyobaki na miezi ya nyuma zaidi. Wiki moja ya mchunga na mboga za majani itaigusa kidogo tu.

Hapa Uchagani kalenda ina mchango wake. Kuanzia katikati ya Desemba watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kuna ubarikio, harusi, mbuzi, soda za kreti kwa kreti na mbege isiyokatika mpaka baada ya mwaka mpya. Mtu akipimwa katikati ya Januari, sehemu kubwa ya anachosomewa ni sikukuu. Akipimwa mwishoni mwa Aprili, sikukuu imekwisha kutoka kwenye damu. Namba ya Januari si ya uongo, lakini kumbadilishia mtu dawa za mwaka mzima kwa sababu ya Krismasi peke yake ni haraka. Daktari mwenye busara atauliza, na mgonjwa mwenye busara atasema bila kuulizwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyeanza dawa mpya akakimbilia kupima baada ya wiki mbili anapoteza hela. Kipimo cha mapema hivyo huchanganya ya zamani na mapya. Anayebadilishiwa dawa hupimwa kila baada ya miezi mitatu, na aliyetulia mara mbili kwa mwaka zinatosha.

"Lazima uende na njaa."

Si kweli. Chai ya asubuhi haiwezi kubadilisha kilichobandikwa kwenye damu kwa wiki kadhaa. HbA1c hupimwa saa yoyote, umekula au hujala. Wapo wazee wanaotoka Machame juu alfajiri, tumbo tupu, wakiwa wamemeza vidonge vyao kama kawaida, na kukaa foleni mpaka saa sita. Hao wanajitafutia kuanguka bure. Ila uliza kwanza: ikiwa siku hiyo hiyo utapimwa na sukari ya kabla ya kula, njaa itahitajika kwa ajili ya kipimo hicho. Na kama utafunga, uliza pia dawa za asubuhi umeze saa ngapi.

"Kipimo cha miezi mitatu hakidanganyi."

Hii ndiyo imani iliyonifanya niandike. Huisikia kwa wagonjwa, na huisikia kwa baadhi ya watoa huduma pia, ambao humwambia mgonjwa "damu yako imekusaliti" kabla hawajauliza hiyo damu ikoje.

Historia yenyewe ina funzo. Mwaka 1968, mjini Tehran, daktari Samuel Rahbar alikuwa akichunguza damu za wagonjwa akitafuta hemoglobini zisizo za kawaida, yaani za kurithi. Akakuta mstari wa ajabu kwenye damu ya watu wenye kisukari. Ulikuwa hemoglobini ya kawaida iliyobandikwa sukari. Kwa hiyo kipimo hiki kilizaliwa katika msako wa hemoglobini za kurithi, na hadi leo hemoglobini za kurithi, kama ile ya sikoseli, ni miongoni mwa mambo yanayokivuruga zaidi.

Fikiria chembe nyekundu iliyokufa mapema, siku ya 60 badala ya 120. Haikupata muda wa kubandikwa sukari ya kutosha. Mtu mwenye chembe za aina hiyo anaweza kuwa na sukari ya 12 kila siku na karatasi ikaandika 6. Nini huua chembe mapema? Malaria huzipasua. Kutokwa damu nyingi hulazimisha mwili kutengeneza chembe changa, ambazo hazina historia. Kuongezewa damu hukuletea chembe za mtu mwingine, na unasomewa sukari yake pamoja na yako. Figo zilizochoka huvuruga kwa namna zaidi ya moja, hasa mgonjwa akiwa kwenye usafishaji damu na sindano za kuongeza chembe. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo hushusha namba chini ya hali halisi.

Kuna kinyume chake pia. Mwanamke mwenye upungufu wa madini ya chuma, kwa hedhi nzito au uzazi wa karibu karibu, huwa na chembe zilizozeeka mwilini kwa muda mrefu zaidi. HbA1c yake huweza kupanda ingawa sukari haijapanda. Anaambiwa yuko mlangoni mwa kisukari. Anameza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi mitatu, damu inaongezeka, HbA1c inashuka, na anaamini ni ile juisi aliyouziwa sokoni.

Habari ya figo si ya pembeni kwetu. Utafiti uliofanywa majumbani Moshi Mjini na Moshi Vijijini mwaka 2014 ulikuta karibu asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2.0. Kisukari huharibu figo, na figo zikiharibika huchafua kipimo tunachokitegemea kukifuatilia kisukari. Kwa hiyo mgonjwa wa miaka mingi, ambaye ndiye anahitaji namba sahihi kuliko wote, ndiye anayeweza kupewa namba ya kutiliwa shaka.

Utajuaje? Dalili kubwa ni ugomvi. Kama kidole, kilichopimwa kwa saa tofauti tofauti za siku, kinasimulia habari moja na HbA1c inasimulia nyingine, usichague ile inayokufurahisha. Omba upimwe wingi wa damu na picha yake kamili. Mara nyingi jibu liko hapo. Vipo pia vipimo vinavyoangalia sukari iliyobandikwa kwenye protini za majimaji ya damu, kama fruktosamini, ambavyo husoma wiki mbili hadi tatu za nyuma na havijali umri wa chembe nyekundu. Havipatikani kila mahali. Kidole na daftari vinapatikana.

"Hayo ya sikoseli ni ya watu wa Pwani na wa Ziwa. Sisi wa mlimani hayatuhusu."

Nusu kweli, na nusu hiyo ina sababu. Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, ilienea pale malaria ilipoua vizazi na vizazi, kwa sababu aliyerithi nusu tu ya tatizo hilo, kutoka kwa mzazi mmoja, aliistahimili malaria kuliko wenzake. Uhusiano huo aliuonyesha mtafiti Anthony Allison mwaka 1954 kwa utafiti wake wa hapa Afrika Mashariki. Mwenyewe alikulia Kenya. Na malaria hupungua kadiri unavyopanda mlima, jambo lililopimwa kwa makini kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Upare na Usambara. Kwa hiyo ni sawa kutarajia kwamba ukoo uliokaa Machame ya juu tangu enzi za Wamangi hautabeba selimundu kama ukoo wa bondeni.

Lakini nani leo ana ukoo uliokaa mahali pamoja? Bibi ametoka Tanga, baba amefanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya TPC miaka yote, mke ametoka Musoma. Moshi ni mji wa stendi na vyuo. Jina la ukoo halikwambii hemoglobini.

Tofauti zenyewe zinafaa zijulikane. Mwenye ugonjwa wa selimundu hana hemoglobini ya kawaida aina ya A, na HbA1c ni hiyo hemoglobini A iliyobandikwa sukari. Kumpima HbA1c ni kazi bure. Ikitoka namba, ni ya mashine kukosea au ya damu aliyoongezewa. Mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu hupimika, ingawa kwa mashine za aina fulani majibu huvurugika. Hata kwa mashine nzuri, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wenye asili ya Afrika ulikuta HbA1c ya waliorithi kwa mzazi mmoja ni 5.35 pale ambapo wenzao wasiorithi, wenye sukari ile ile, walikuwa na 5.65. Tofauti ya 0.3 ni ndogo ukiwa na 9. Ukiwa na 6.3 ndiyo inayoamua kama utaambiwa una kisukari au huna.

Kuna tatizo la pili la kurithi ambalo halisemwi sana: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao umeenea sana kwenye nchi za malaria. Mwaka huo huo wa 2017 uchunguzi mkubwa wa kimataifa ulionyesha kwamba mwanamume mwenye aina ya Kiafrika ya upungufu huu husomeka chini kwa takriban 0.8. Wanaume huathirika zaidi kwa sababu kasoro iko kwenye kromosomu X, na wao wanayo moja tu. Mwanamume wa namna hii mwenye HbA1c ya 6.0 angestahili kusomewa 6.8. Atatembea miaka akiamini mzima, huku macho na miguu vikiharibika.

"Iko chini ya 6.5, kwa hiyo sina kisukari."

Si lazima. Shirika la Afya Duniani lilipokubali kipimo hiki mwaka 2011 liliandika wazi kwamba HbA1c iliyo chini ya 6.5 haifuti kisukari kilichotambuliwa kwa kupima sukari yenyewe. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na kuendelea saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, bado ni kisukari hata HbA1c ikiwa nzuri. Na kwa mtu asiye na dalili, namba moja haitoshi kumpa jina la ugonjwa. Hurudiwa siku nyingine.

Watu wawili wasipimwe kwa njia hii pekee. Wa kwanza ni mtoto au kijana aliyeanza ghafla kunywa maji kupita kiasi, kukojoa sana na kukonda. Sukari yake huenda imepanda wiki mbili tu zilizopita na HbA1c haijapata habari. Huyo ni kidole mara moja, hapo hapo, hata zahanati ya kijiji, na akikutwa juu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wa pili ni mjamzito. Damu yake inabadilika kwa kasi na chembe zake ni changa. Kisukari cha mimba hutafutwa kwa kinywaji cha glukosi.

"Kadiri inavyokuwa chini ndivyo bora."

Mpaka mahali fulani. Utafiti uliokipa kipimo hiki heshima yake ulitoka mwaka 1993 huko Marekani na Kanada, kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi lililobanwa vizuri lilikaa karibu na asilimia 7, lingine karibu na 9, na kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Hapo ndipo lengo la 7 lilipopata nguvu.

Kisha watu wakauliza, kama 7 ni nzuri, kwa nini tusishuke 6? Utafiti mwingine wa watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, wengi wao wakiwa watu wazima wenye hatari ya moyo, ulijaribu kuwateremsha chini ya 6. Mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati: waliobanwa sana walikufa 257, wenzao 203.

Kwa mzee wa miaka 75 anayemeza glibenklamidi au kuchoma insulini, ambaye bado anapanda ngazi za kihamba akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, 6.2 si ya kupigiwa makofi. Huenda ni namba ya mtu anayeshuka hadi 3 usiku, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na familia inasema ni uzee. Kwa wazee dhaifu wengi lengo la 8 linatosha. Akiwa amekunywa mbege jioni bila kula, hatari inaongezeka, kwa sababu pombe hulizuia ini kutoa sukari ya akiba.

Wastani ndivyo ulivyo. Mama anayepeleka maziwa ushirika kila asubuhi, ukimwonyesha malipo ya mwezi tu, hawezi kukuambia ni siku gani ng'ombe aligoma. Lazima afungue daftari la kila siku. Sukari ya 3 alfajiri na 14 usiku huzaa wastani mzuri kabisa.

"Ndizi na mtori havina sukari, ni vyakula vya asili."

Hemoglobini haiulizi kama chakula kilikuwa kitamu. Wanga wa ndizi ukishapikwa na kupondwa huwa sukari kwenye damu, na ulezi wa mbege pia. Hakuna anayekukataza mtori. Kinachohesabika ni ukubwa wa bakuli.

"Kisukari ni cha mjini."

Kiliwahi kuonekana hivyo. Miaka ya 1996 na 1997 watafiti walilinganisha Dar es Salaam na kijiji cha Shari wilayani Hai, wilaya ambayo Machame imo. Mjini walikuta kisukari kwa asilimia 5.9 ya wanaume na 5.7 ya wanawake; Shari, asilimia 1.7 na 1.1. Ilikuwa Shari ya watu waliotembea kwa miguu kwenda kila mahali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64. Bodaboda zimefika mpaka geti la Machame la kupandia mlima, na anayedhani kijiji chake kimebaki mwaka 1997 asiamini takwimu, apime.

"Nilitumia mitishamba, HbA1c ikashuka, nimepona."

Tuwe waungwana hapa. Mitishamba inatumika sana kaskazini mwa Tanzania. Watafiti waliozungumza na wenye kisukari wa Moshi wameorodhesha mlonge, mchaichai, shubiri, mbaazi na majani ya mparachichi, na wengi huichanganya na dawa za hospitali. Sitamcheka mtu kwa hilo. Ila kushuka kwa HbA1c kunaweza kuletwa na mambo mengi: amepungua kilo, ameacha soda, ameanza kumeza metformini aliyoandikiwa zamani, au ameugua malaria na kupungukiwa damu. Hili la mwisho ndilo baya, maana afya imeshuka na karatasi inampongeza.

Kupata nafuu kamili kupo, na kuna kigezo chake kilichokubaliwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2021: HbA1c chini ya 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za kushusha sukari. Hata hapo wanaita nafuu, wala si kupona, na mtu anaendelea kupimwa walau mara moja kwa mwaka.

"Hospitali ni hospitali, majibu ni yale yale popote."

Hapana. Njia za kupima ni kadhaa, na mashine ndogo ya mezani haiko sawa na ile kubwa ya maabara ya rufaa. Vifaa vya baadhi ya mashine ndogo hutunzwa kwenye friji, na umeme wa kukatika katika hauvipendi. Hata mashine nzuri ina uhuru wake wa kukosea kidogo, 7.1 ya Machi na 7.3 ya Juni zinaweza kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo pima mahali pamoja inapowezekana, na usitupe karatasi. Nyuma yake andika kwa kalamu: tarehe, hospitali, na kama ndani ya miezi minne kabla ya hapo uliugua malaria, uliongezewa damu, ulijifungua, ulifanyiwa upasuaji au ulianza vidonge vya kuongeza damu. Mstari huo mmoja daktari hawezi kuupata kwenye mashine yoyote.